Kisu cha Kuka Kiko Mfukoni Mwangu, na Hakirudi Kwa Droo

Wacha nianze na maoni yenyewe, kubishana tutabishana baadaye: kisu cha kukunja ulichoachiwa na babu yako hakifai kukaa kwenye droo. Kinafaa kukaa mfukoni. Kikate muwa, kikate kamba, kimenye embe, kiende kwa kinoo, kirudi kazini. Na kama wewe ni msichana, maoni yangu ni yale yale, ila nitaongeza sauti kidogo.

Najua vile watu wangu wa mjini mnafikiria. "Huyu sasa ameanza kutembea na njora, kesho atatuibia simu." Tulieni. Mimi ni mtu wa kilo hamsini na kitu, na kitu hatari zaidi nimewahi kukata nacho ni nanasi pale stage ya Lurambi. Lakini hiyo hofu yenu naielewa, na nitaifikia. Kwanza nikuambie kisu chenyewe.

Ni cheusi, kizito kuliko kinavyoonekana. Kikikunjwa kinaenea kwenye kiganja changu. Mpini una miraba midogo midogo, iliwekwa ili mkono wenye jasho usiteleze. Kuna ubapa mmoja mpana, kuna kidude cha kufungua mikebe, na mgongoni kuna chuma kirefu chenye ncha, kama msumari mkubwa. Huyo msumari watu wengi wanadhani ni wa kudunga mtu. Ni wa kufungua mafundo ya kamba. Mwishoni kuna kipete cha kufungia uzi ili kisu kisipotee.

Kwenye chuma kumechapwa vitu vitatu: neno Sheffield, mwaka 1942, na kialama kidogo cha mshale. Huo mshale ndio naupenda. Serikali ya Uingereza iliutumia kwa karne nyingi kuonyesha mali yake, kuanzia mizinga hadi mabuti. Kwa hivyo kisu changu, kwa karatasi, kilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Sasa ni mali ya msichana wa Kakamega. Mfalme asiponidai, sina neno.

Kilifika hapa na baba yake Kuka, yaani baba wa babu yangu. Alikuwa askari wa King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee wetu waliita Keya. Vita ya Pili ya Dunia ilipofika upande wa Asia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma. Vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana na Wajapani kwenye Bonde la Kabaw katika mvua za 1944, na Desemba mwaka huo wakavuka mto Chindwin. Lugha waliyotumia kuelewana ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili chao cha kambini, kilichonyooshwa na kukunjwa vile walivyotaka. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Kiswahili chetu cha Kenya kimeharibiwa na vijana wa siku hizi, mwambie babu zetu walianza hiyo kazi wakiwa na bunduki begani.

Mzee alirudi na kisu, koti, na kelele za usiku ambazo hakuwahi kueleza mtu. Koti liliisha. Yeye mwenyewe akaisha. Kisu kikabaki.

Kuka alikitumia maisha yake yote. Simaanishi alikiweka kabatini na kukionyesha wageni. Alikitumia. Alikata nacho kamba za kufunga ng'ombe, akafungua magunia ya mbolea, akachonga vigingi, akamenya miwa ya wajukuu, akasafisha kucha zake siku ya kanisa (Kukhu alikichukia kisu siku hiyo). Miparachichi yote mizuri iliyoko bomani kwetu aliipandikiza kwa hicho kisu. Anachukua mche wa parachichi la kienyeji, anaukata kichwa, anaupasua katikati, halafu anachonga kikonyo cha Hass kama kabari na kukiingiza pale. Anafunga na utepe wa nailoni. Hiyo kazi haitaki nguvu. Inataka makali. Ukikata na kisu butu, unaponda mti badala ya kuukata, na kidonda kilichopondwa hakishiki. Kuka alikuwa na maneno machache sana, lakini hayo aliyarudia mpaka tukayakariri: kilichokatwa vizuri hupona.

Desemba 2019, nilipomaliza Form Four, aliniita chini ya mti. Akakiweka kisu juu ya kigoda. Hakunipa mkononi, kwetu kisu hakipitishwi mkono kwa mkono, unakiweka chini na mwenzako anakiokota. Halafu akasema, "Leta pesa."

Nikamwangalia. Pesa gani? Nilikuwa na kumi bob peke yake, ile sarafu mpya ya simba. Akaichukua, akaitia mfukoni, akasema, "Sasa umenunua. Kisu hakitolewi bure, kinakata undugu."

Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ni desturi ya Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya: ukipewa kisu zawadi, unamrudishia aliyekupa sarafu moja, hata ya thamani ndogo kabisa, ili kisu kisikate urafiki wenu. Baba yake alirudi nayo kutoka jeshini pamoja na kisu chenyewe. Kwa hivyo pale chini ya mti wetu tulikuwa na desturi mbili, ya kwetu ya kutopitisha kisu mkononi na ya Wazungu ya kulipa, na Kuka aliziheshimu zote mbili bila kuona shida yoyote. Watu wanaosema eti mila lazima iwe safi na isiyochanganywa hawajawahi kukaa na mzee wa kweli.

Kuka alituacha 2022. Na hapo ndipo stori ya kisu ikawa stori ya kitu kingine.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, watu wakishanyolewa, wazee hukaa chini na kugawa vitu vya marehemu. Vitu vidogo. Shamba ni mkutano mwingine, tena wenye makasiriko yake. Hapa ni koti, kofia, fimbo, redio, kiti. Fimbo ilienda kwa baba mkubwa, kofia kwa baba yangu, redio ikagombaniwa mpaka ikawa aibu. Halafu baba mkubwa akauliza, "Na kile kisu cha mzee wa Keya kiko wapi?"

Nikasema kiko kwangu.

Sitamsema vibaya baba mkubwa, kwa sababu ni mtu mzuri na mwaka huo ndiye alinilipia nusu ya fee. Lakini alichosema ni hiki: "Hicho ni kisu cha wanaume wa hii boma. Msichana ataolewa, ataenda nacho kwa watu. Akitaka kisu, kuna kisu cha jikoni."

Wazee wakatikisa vichwa. Wengine walikuwa wanaangalia mimi, wengine wanaangalia chini. Senje akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya Katiba, Kifungu cha 27, usawa wa mwanamke na mwanamume, ile hotuba yote tunajua kwa sababu ya mtandao. Sikupata nafasi. Kukhu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya kwenye mkeka, akasema bila kuinua kichwa:

"Hicho kisu si cha marehemu. Alikiuza."

"Alimuuzia nani?"

"Huyu. Shilingi kumi. Mimi nilikuwa hapo, na hiyo kumi ndio alininunulia kiberiti."

Kimya. Halafu mzee mmoja akaanza kucheka, halafu wawili, na mambo yakaisha. Huwezi kugawa kitu ambacho marehemu aliuza akiwa hai. Hapo nilielewa kwamba Kuka alijua alichokuwa anafanya. Hiyo kumi bob haikuwa ya kulinda undugu peke yake. Aliniandikia stakabadhi, na akamweka mkewe shahidi.

Lakini maneno ya baba mkubwa yalinibakia. "Kuna kisu cha jikoni." Hebu tuyaangalie polepole, kwa sababu nadhani baba mkubwa, bila kujua, alisema ukweli mkubwa.

Nani hushika kisu zaidi nchi hii? Si wanaume. Mimi nimeanza kukata sukuma nikiwa na miaka saba, na hakuna mtu alikaa chini akauliza kama msichana anaruhusiwa kushika chuma chenye makali. Nimechuna kuku, nimekata vitunguu vya matanga matatu, nimemenya viazi vya kulisha watu wa harambee. Dada zangu wote hivyo hivyo. Mikono yetu imejaa vialama vidogo vya visu. Kwa hivyo shida haiwezi kuwa kisu. Mwanamke na kisu hawajawahi kuwa shida, mradi hicho kisu kiko jikoni, hakina stori, na jioni kinarudi kwenye kikapu cha vyombo.

Shida inaanza kisu kikiwa na jina. Kisu cha vita. Kisu cha mzee. Hata visu vya jando ni hivyo. Kule Bungoma kwa Wabukusu, na ng'ambo ya mpaka kwa Wamasaaba wa Mbale, kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani 2022, 2024, hivyo hivyo kwa shufwa, vijana hutahiriwa, na ile kazi ya kushika kisu hupita ndani ya familia, kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Siisemi vibaya. Nasema tu kwamba tumezoea chuma cha wanaume kuwa na ukoo, na chuma cha wanawake kuwa chombo tu. Methali inasema mwenye kisu ndiye mla nyama. Kwa nyumba nyingi nimeenda, mwenye kisu ni mama, na nyama anaila mwingine.

Tukiacha ya kifamilia, twende kwa ile hofu yenu. Je, ni halali kutembea na kisu mjini?

Nimeulizwa hili swali sana, kwa hivyo nilienda kusoma. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 308, inasema mtu akipatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba ana nia ya kutenda uhalifu mkubwa, kifungo ni kuanzia miaka 7 hadi 15. Soma tena. Si mchezo. Na silaha inaelezwa kuwa kitu kilichotengenezwa au kubadilishwa ili kujeruhi mtu, au kitu ambacho mwenyewe amekibeba kwa nia hiyo. Hicho kifungu hakizungumzii urefu wa kisu. Linganisha na Uingereza, ambako sheria ya 1988 inaruhusu kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Sisi hapa hatupimwi kwa rula. Tunapimwa kwa mazingira na nia.

Hiyo inamaanisha nini kwako? Inamaanisha kisu kile kile kinaweza kuwa kifaa saa nne asubuhi na silaha saa nne usiku, na kinachobadilika si chuma, ni wewe na mahali ulipo. Ndio maana mimi nina sheria zangu. Shambani, safarini, kwenye picnic msituni, kazini, kinakuja. Bukhungu kukiwa na mechi, hakiji. Kotini, benki, kilabu, hakiji. Maandamano, hakiji kabisa. Sheria ya Utaratibu wa Umma inakataza silaha kwenye mikutano na maandamano. Juni 2024, tulipotoka kupinga Mswada wa Fedha, nilibeba simu, maji na leso. Kisu kilibaki nyumbani chini ya mto. Sikutaka mtu yeyote apate sababu ya kuita kifaa cha babu yangu kitu ambacho si.

Na walinzi wa milangoni, jamani. Kuna jengo moja mjini, jina nitalihifadhi, niliingia nikasahaulishwa na haraka ya mambo mengine, mlinzi akakipata kwa begi. Akakitia kwa droo yake, sawa, hiyo ni kazi yake. Narudi baada ya saa moja, amebadilishana zamu na mwenzake, na huyo mwenzake ananiambia hakuna kisu. Nikakaa pale mlangoni dakika arobaini. Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Boss, kina mshale na kimeandikwa 1942, na mwenyewe alitoka nacho Burma." Akaniangalia, akafungua droo, akakitafuta chini ya karatasi. Akakigeuza geuza. Akasema, "Guka yangu pia alikuwa KAR." Alikuwa mtu wa Nyeri. Tukaongea pale mpaka watu wa foleni wakakasirika.

Sasa nataka kuongea na wasichana peke yao. Wavulana, someni pia, lakini mnyamaze.

Januari 27, 2024, wanawake walijaza barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Tangu hapo, karibu kila msichana ninayemjua ameshawahi kuambiwa na mtu, "Tembea na kisu." Mmoja wa marafiki zangu, anayekaa hosteli za nje na anarudi usiku, aliniambia, "Wewe ata una bahati, uko na ya babu."

Nilimkatalia, na nakukatalia na wewe. Kisu cha kukunja cha kizamani ni silaha mbovu. Nakueleza kwa nini. Kwanza, kinafunguliwa kwa mikono miwili: mmoja unashika mpini, ukucha wa mwingine unavuta ubapa. Mtu akikushika mkono mmoja, umeisha. Pili, visu vingi vya aina hii havijifungi. Kinachoshikilia ubapa ni springi iliyoko mgongoni, basi. Ukidunga kitu kigumu, ubapa unarudi na kujikunja, na kilichoko katikati ni vidole vyako. Ndio maana Opinel, wale Wafaransa wanaotengeneza visu vya mpini wa mti tangu 1890, waliongeza pete ya kufunga ubapa mwaka 1955. Tatu, mtu akikunyang'anya, sasa ana kisu na wewe huna. Na nne, ukishakibeba kwa nia hiyo, ile sheria niliyokusomea inakugeukia.

Sijasema usijilinde. Tembeeni wawili, tumia boda unayemjua, tuma location, piga kelele, kimbia. Dai taa za barabarani kwa county mpaka wachoke na wewe. Lakini usidanganywe kwamba usalama wa mwanamke ni kitu cha kununua mia mbili sokoni na kutia kwa begi. Hiyo ni kuturudishia sisi kazi ambayo si yetu. Na pia, kwa sababu za kibinafsi kabisa, sitaki kisu kilichotoka vitani kirudi vitani. Kimepumzika. Sasa kinamenya embe.

Twende kwa mambo matamu. Ukirithi kisu cha zamani, ufanye nini?

Cha kwanza, usiking'arishe. Naomba. Visu vingi vya zamani vimetengenezwa kwa chuma kinachoshika kutu. Kikiguswa na nanasi, limau au embe, kinabadilika rangi, kinakuwa kijivu, wakati mwingine na mawimbi ya buluu. Watu wanaona huo weusi wanadhani ni uchafu, wanachukua steel wool na kusugua. Huo ukijivu ni ngozi yake, unasaidia kuzuia kutu ile nyekundu inayokula chuma. Toa nyekundu, acha kijivu.

Cha pili, kioshe na ukikaushe kila mara ukikata tunda. Dakika moja tu. Usikiloweke kwenye beseni na vikombe, maji yataingia kwenye bawaba na hutayaona.

Cha tatu, tone moja la mafuta kwenye bawaba. Tumia mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa kama gundi, halafu unaanza kufungua kisu kwa meno.

Cha nne, kinoo. Kuka alitumia jiwe la mtoni, kutoka Isiukhu, lililolainika mpaka likawa na kibonde katikati. Mimi natumia hilo hilo. Maji kidogo, ubapa unaulaza karibu kabisa na jiwe, unainua mgongo kidogo tu, unasukuma kana kwamba unataka kukata ngozi nyembamba ya jiwe. Upande mmoja, halafu wa pili, idadi sawa. Usikipeleke kwa yule jamaa wa gurudumu la baiskeli kila wiki. Anafanya kazi safi kwa panga na visu vya butcher, lakini gurudumu linakula chuma haraka na linakipasha moto, na chuma kikipata moto sana kinapoteza ugumu wake. Kisu cha miaka themanini hakina chuma cha kuchezea.

Na kumbuka, kisu butu ndicho hukata watu. Kwa sababu kikiwa butu unatumia nguvu, nguvu inateleza, na mkono wa pili uko njiani. Kikali kinakwenda pale unapokiambia.

Labda unasema, sawa dada, lakini babu yangu hakuenda Burma na hakuniachia chochote isipokuwa deni la sacco. Poa. Ukoo wa kisu unaweza kuanza na wewe. Visu vya kukunja vina historia ya kila aina. Karl Elsener, Mswisi, alianza kupelekea jeshi la Uswisi visu mwaka 1891, na kisu kilichotangulia kile chekundu chenye mikasi na kila kitu kikasajiliwa mwaka 1897. Kuna Okapi, ile ya mpini wa mti yenye vialama vya nyota na mwezi, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika. Leo inatengenezwa Afrika Kusini, na jina ni la mnyama wa misitu ya Kongo, jirani yetu hapa. Na kabla ya hao wote, wafua chuma wa Samia, kule Busia, walikuwa wakiyeyusha chuma na kutengeneza majembe yaliyouzwa mbali. Hadi leo fundi wa jua kali anaweza kuchukua springi ya gari iliyokufa akakupa kisu kitakachomzika mwenye gari. Nenda kwake. Mlipe vizuri. Anza kukitumia, na baada ya miaka arobaini kitakuwa cha zamani, bila wewe kufanya lolote la ajabu.

Ukipewa na mzee, uliza maswali mapema. Hiki ndicho ningependa ukumbuke hata ukisahau mengine yote. Uliza alikitoa wapi, alikata nacho nini, nani alikishika kabla yake. Andika kwa simu, rekodi sauti. Chuma kinadumu, stori haidumu. Nikiangalia changu, najua kilienda Burma, lakini yale ambayo baba yake Kuka aliona huko yalikufa naye, kwa sababu kila mtu alisubiri siku nzuri ya kumuuliza.

Na usiulize wanaume peke yao.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa Kukhu, tunakata mboga. Kisu chake cha jikoni nimekiona tangu nizaliwe na sikuwahi kukiangalia. Kimenolewa mara nyingi mpaka ubapa umekuwa mwembamba kama jani la mwanzi, umeliwa katikati, mpini umefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikamuuliza alikitoa wapi. Akashangaa, kwa sababu hakuna mtu amewahi kumuuliza. Akasema alikinunua mwaka alipoolewa, kwa pesa za mayai yake mwenyewe, na kwamba ndicho kitu cha kwanza ndani ya hiyo nyumba kilichokuwa chake. Amelisha nacho watoto saba. Amekata kitovu nacho mara moja, usiku, mvua ikinyesha, mkunga hakufika. Baba mkubwa. Kitovu kilikuwa cha baba mkubwa.

Nilikaa na hiyo kwa muda. Halafu nikatoa kumi bob, nikaiweka juu ya meza.

Kukhu akaiangalia, akacheka mpaka akafuta macho. "Ngoja kwanza," akasema. "Bado nakata mboga."